Papa Standard na Sauti za Mbali

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa hata nikijisifu ninayo haki. Nilianza na beseni moja la chumvi kwenye soko la Kadutu, nikiipima kwa kopo la maziwa, na kabla ya kufika miaka arobaini nilikuwa na depo tatu, malori mawili, na ndege ndogo ya kukodi iliyoruka kwenda Shabunda kwa ajili yangu mara mbili kwa juma. Shule nilifika mwaka wa nne wa msingi, nikaona inatosha. Nimeona pesa ikilala pesa ikaamka karatasi. Nimeona askari akibeba friji kichwani mchana kweupe, akaniomba nimshikie mlango, nami nikaushika. Kwa hiyo mtu akinijia mdomo wazi, eti patron, tajiri, unajua kimetokea nini, namwambia akae kwanza anywe maji.

Lakini kuna mzee mmoja aliyekaa mita tano kutoka meza yangu kwa miaka kumi na moja, na huyo sijamaliza kumwelewa mpaka leo. Tulimwita Papa Standard.

Jina hilo alikuja nalo. Zamani alifanya kazi kwenye kampuni kubwa ya majani ya chai, na huko alikaa mbele ya standard, ule ubao wa simu wenye matundu na kamba za kuunganisha watu. Upande wa kushoto alikuwa na matundu ishirini na nne ya simu za ndani: mkurugenzi, mhasibu, garage, jikoni, mlinzi wa geti. Upande wa kulia matundu matatu tu, ya nje. Simu za mji zikafa moja moja, waya za barabarani zikaibwa, wenye kampuni wakarudi kwao, na mimi nikaenda kununua vilivyobaki. Nilinunua meza nane, kabati la chuma, na phonie, ile redio ya kusemea mbali ambayo unabonyeza unasema, unamaliza na "kwako", unaachia unasikiliza. Niliibishania nusu siku. Mwishowe muuzaji akasema phonie inakwenda pamoja na yule mzee pale, maana hakuna mwingine anayejua kuiamsha.

Ndiyo sababu nilizoea kuwaambia wageni kwamba Papa Standard nilimpata pamoja na meza. Siku moja alinisikia. Hakukasirika. Alimgeukia mgeni akasema, "Ni kweli, papa. Patron alinipata na kabati. Ila kabati haijue Shabunda."

Phonie haioneshi mtu. Ungeweza kuisemea umevaa shuka. Yeye alivaa abacost ya kijivu, lile koti la Zaïre lisilo na tai, vifungo vyote mpaka shingoni, hata siku ya jua kali ambapo sisi wengine tulibaki na singlendi. Kila asubuhi kabla ya saa moja aliifuta mashine vumbi kwa kitambaa cha flaneli, akafunga kifungo cha juu, akasimama. Ndani alikaa, mbali alisimama. Ukimwita kutoka chumba cha pili alikujibu ameketi, hata kama ni mimi mwenye kumlipa. Lakini Shabunda wakiita, aliinuka kama mwanafunzi ambaye mwalimu ameingia.

Nikamuuliza, "Papa, unamsimamia nani? Hakuna mtu anakuona."

"Ndiyo maana, patron. Mwenye kuniona anaona pia ginsi nimechoka, anasamehe. Mwenye hanioni iko na sauti yangu tu. Nikikaa, tumbo inakunjika, na sauti inakunjika."

Mimi sauti yangu ni ya soko. Nilipotaka kusema mwenyewe na Shabunda nilipiga kelele mpaka wapakizi wakaja kuuliza nani amekufa. Papa Standard akanishusha mkono polepole. "Patron," akasema, "mbali haiko kiziwi. Iko mbali."

Basi nikamwachia kazi yake. Nilisema mimi kwake, yeye akasema kwao.

Ujue kwamba kila asubuhi ndege yangu ilingoja neno moja tu: kiwanja cha Shabunda kimekauka au hakijakauka. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imekwisha kuwa msitu, na kiwanja chenyewe ni udongo mtupu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi gurudumu linazama, ndege inalala kifudifudi na watu wake. Yule wa phonie kule Shabunda alikwenda kukikanyaga kwa miguu, akarudi, akasema. Papa Standard akapokea, akaandika, akarudia. Pilote, yule rubani, hakuwasha moto kabla ya karatasi ile. Chumvi na sabuni zilikwenda, mafuta ya mawese na mchele vilirudi, na utajiri wangu wote ulipita katika midomo ya wazee wawili.

Yule wa Shabunda hatukumjua sura. Sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, na alikohoa mara moja kabla ya kusema. Walianza kuzungumza tangu enzi za kampuni ya chai, na hawakuwahi kuonana. Kazi ikiisha walijipa dakika moja ya mchezo, dakika moja tu, kwa kuwa betri ni yangu.

"Shabunda, bibi anaendelea?"

"Bibi iko, ananenepa. Mbuzi inanenepa. Mimi peke yangu ninakonda. Kwako."

"Ni juu unasemaka mbele ya kula. Kula kwanza. Kwako."

Sasa mtu huyu mwenye mizaha ya angani, nyumbani alikuwa jiwe. Mke wake alishuka siku moja kutoka kijijini kwao Nyantende kuja kuchukua mshahara, maana mzee alikuwa na homa. Mama mfupi, mwenye macho makali. Akanikalia mbele ya meza akauliza, "Patron, huyu mutu munamulipa juu ya kusema?"

"Ndiyo, maman. Ndiyo kazi yake."

"Basi munaniibia. Maneno yote anaimaliza hapa. Nyumbani ananiletea mudomo tupu."

Nilicheka, lakini nilimwongezea kilo mbili za chumvi.

Kitu kingine. Alikuwa hageuzi neno la mtu. Wafanyabiashara wenzangu walikuja kuomba kutumia phonie, na nilikubali kwa bei yangu. Mmoja, aliyekuwa amepunjwa mchele huko Shabunda, akaja amevimba, akasema mwambie huyo mtu ni mwizi na baba yake alikuwa mwizi. Mimi nilidhani mzee atalainisha. Akasimama, akabonyeza. "Shabunda, pokea. Yeye ni mwizi. Narudia: mwizi. Baba yake alikuwa mwizi. Narudia: baba, mwizi. Mwisho wa ujumbe. Umepokea? Kwako."

Kikohozi. "Nimepokea. Mwenyewe iko hapa. Anauliza, ni baba wa kumuzaa ao ni baba mudogo? Kwako."

Papa Standard akamgeukia mteja kwa heshima zote. "Papa, anaomba précision. Baba gani?"

Lakini mtu huyo huyo, aliyepeleka matusi mazima mazima kama mayai, alikuwa hapeleki kifo. Nilikuwapo siku walipoleta habari kwamba mama wa mpakizi mmoja aliyekuwa Shabunda amefariki. Mzee akasimama akasema, "Mama yake iko mugonjwa. Anataka kumuona. Apande ndege ya kwanza." Alipokaa nikamwambia, "Papa, umedanganya."

"Ndiyo, patron."

"Na ile ya mwizi hukupunguza hata herufi."

"Mwizi mutu anaweza kuisikia peke yake. Kifo inaomba mutu wa kukushika mukono. Phonie haina mukono."

Nimefanya biashara na mapadri, na makoloneli, na watu waliosoma Ulaya. Sijasikia neno lililonikata kama lile. Sikumwambia.

Alikuwa na madaftari mawili. Moja la jalada la kijani, aliloandika kwa juu NDANI. Jingine la buluu, MBALI. Mimi kusoma nasoma, polepole, na siku moja hakuwepo nikayafungua. Lile la kijani lilikuwa limejaa michoro ya waya tu: inapita wapi, imefungwa kwenye msumari gani, panya aliitafuna mahali gani mwaka gani. Hakuna jina la mtu hata moja. Lile la buluu halikuwa na waya hata moja. Lilikuwa watu. *Shabunda: anakohoa mbele ya kusema. Asipokohoa, uliza kwanza. Kindu: anasema haraka lakini hesabu yake safi. Kamituga: siku ya soko usimwamini nyuma ya saa sita.*

Aliporudi nilimuuliza bila haya, kwani yalinunuliwa kwa pesa yangu. Akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Ndani, patron, kila kitu ni ya mutu moja. Waya yako, ukuta yako, courant ya taa yako, mutu wa huku na mutu wa kule wote unawalipa. Batu kumi wanaweza kusema mara moja, haiombe kitu, inaenda mbio. Mbali si vile. Hewa ni ya serikali na ya mvua. Kila kichwa cha njia kina mwenyewe. Moja anasema, wengine wote wananyamaza. Mbali hakuna patron. Kuko majirani. Kwa ile, ndani ikiharibika, unatafuta waya. Mbali ikiharibika, unatafuta mutu."

Niliona ni maneno ya kupitishia mvua. Nikamwambia aende aongeze maji katika betri.

Halafu ordinateur, kompyuta, zikaingia mjini kwetu Bukavu. Mashirika ya misaada yalizileta kwanza, na mimi sikukubali mzungu awe na kitu kwenye avenue yangu ambacho sina. Nikamleta ingénieur, fundi mhandisi, kutoka Bujumbura, mtu wa makamo, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akaniwekea mashine tatu: moja chini kwenye depo karibu na bascule ya kupimia magunia, moja kwa mhasibu, moja juu ya meza yangu. Hiyo yangu niliitumia kutazama saa na, sifichi, kutazamwa nayo. Akazifunga zote kwa waya mmoja mweusi, mnene kama mkia wa panya, unaotoka mashine hadi mashine, na kila mwisho wa waya akaweka kibouchon, kizibo kidogo cha chuma kinachong'aa. Nilishangilia. Gunia likipimwa chini, kilo zilitokea mezani kwangu kabla mpakizi hajafuta jasho. Niliita wafanyabiashara saba nikawapa bia ili waone.

Watu walitegemea Papa Standard atanuna. Wapi. Aliufuata ule waya kwa kidole chumba hadi chumba, akiinama, abacost ikichafuka magoti, halafu akanyooka akasema, "Ni standard. Wameondoa mutu, wameacha matundu." Akaandika kurasa mbili katika daftari la kijani, akamuuliza ingénieur maswali ambayo ingénieur alijibu ameketi wima.

Wiki mbili baadaye mashine zote tatu zikanyamaza pamoja. Ingénieur alikuwa amekwenda kwao kwa mazishi. Papa Standard akapita na waya kwa kidole, akafika nyuma ya meza yangu, akasimama.

"Patron, kulikuwa kibouchon hapa."

Kilikuwa mfukoni mwangu, pamoja na funguo. Mimi ndiye niliyeking'oa, na sioni sababu ya kukana. Hakikuwa kimeunganishwa na kitu. Na kwangu kitu kisicho na kazi hakikai. Akakipokea, akakirudisha, mashine zikaamka.

"Waya ya ndani iko na mwanzo na mwisho," akasema. "Ukitoa mwisho, maneno inafika inagonga, inarudi, inavuruga zingine zote. Mbali haina mwisho. Ndani lazima uifunge."

Aliyasema mbele ya mhasibu. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa na hasira naye, hasira ndogo, ya kijinga, kama jiwe ndani ya kiatu.

Ingénieur aliporudi akaniambia kuna kisanduku cha kuweka kati ya ordinateur na phonie, na siku kikifika mashine itazungumza na Shabunda yenyewe. Kwa sasa, akasema, yeye mwenyewe atabonyeza na kusema, si kazi ngumu. Nikapiga hesabu yangu. Kama ndani watu wangu wanazungumza bila mtu wa kati, juu ya nini niendelee kulipa mtu wa kati kwa ajili ya mbali? Shabunda ni nini, si chumba cha nne kilichosogea? Nikawaita wafanyakazi wote, nikatoa hotuba, nikampa mzee kitenge cha mke wake na mshahara wa miezi miwili, nikasema apumzike.

Hakubisha. Aliomba jambo moja. "Patron, unipatie wiki moja nikabidhi sauti."

"Ukabidhi nini?"

"Sauti. Mupya anaingia hewani pamoja na wa zamani. Wa zamani anamuonesha kwa kila poste ya redio. Ni ginsi tunafanyaka, Zaïre yote."

"Papa, sauti si funguo ya depo."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Akachukua daftari la buluu, akaacha la kijani juu ya meza, akapanda kwenda Nyantende.

Kesho yake ingénieur akaita. "Shabunda, Shabunda, huyu Bukavu. Kiwanja kinasemaje? Kwako."

Kikohozi. "Ninakusikia mubaya."

"Kiwanja kimekauka? Kwako."

"Nani huko? Ninakusikia mubaya. Ninakusikia mubaya sana. Mwisho."

Siku hiyo ndege haikuruka. Ya pili pia. Nikanunua betri mbili mpya. Ninakusikia mubaya. Nikanunua antena mpya, nikapandisha mtu juu ya mti wa mkaratusi kuifunga, akashuka na nyuki. Ninakusikia mubaya. Nikapanga kutuma mtu kwa miguu, wakaniambia siku kumi na mbili kama mito imekubali. Huku kwangu chumvi ilikuwa imepanda mpaka dari. Kule Shabunda mapipa yangu ya mawese yalikaa juani, na mtu mmoja wa Goma alikuwa ameanza kuulizia kama wakulima wangu wana mkataba wowote wa maandishi. Hawakuwa nao. Nilikuwa nimewapa neno. Na pilote akaniambia wazi kuwa mwisho wa mwezi ukifika bila safari, ndege anampa yule wa Goma. Miaka ishirini ya kubeba beseni, ipotee kwa sababu ya kiwanja ambacho hakuna anayeniambia kama kina maji.

Nilimwambia pilote aruke tu, jua linawaka.

"Linawaka hapa," akasema. "Nani amesema linawaka kule?"

"Mashine ya kule imeharibika."

Pilote akanitazama. "Patron, mimi niko na redio ndani ya ndege. Jana nilimusikia Shabunda anasema na Kindu. Sauti safi kama kengele. Ni wewe peke yako anakusikia mubaya."

Nikakaa juu ya gunia. Sisemi nilishangaa. Nilikaa tu.

Kesho yake nikaenda Nyantende, kwa gari langu mwenyewe, bila dereva, ili asiwepo wa kusimulia. Mke wake alikuwa uani anapura maharagi. Hakusimama.

"Karibu, patron. Umekuja kununua maharagi?"

"Nimekuja kumsalimia mzee."

"Aa. Anasemaka sasa, unajua? Tangu umemutuma nyumbani anasema na mimi mupaka nachoka. Umurudishe ukitaka."

Yeye mwenyewe akatoka shambani na jembe, suruali imekunjwa, na mara ya kwanza nikaona shingo yake. Akaosha mikono. Tukakaa. Nilimweleza kuhusu mvua, kuhusu bei ya sabuni, kuhusu betri mbili na antena. Alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote, kichwa kimeinama upande wa kulia.

"Papa," nikasema, "mashine imeharibika."

"Gani?"

"Ile ya mbali."

"Haikuharibika."

Kuku wakapita katikati yetu. Mke wake alikuwa ameacha kupura. Nimewahi kumwomba waziri msamaha wa kodi kwa maneno mia. Pale nilitoa mawili.

"Shabunda hanijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa umesema. Hawezi kukutendea mubaya, patron, usiwaze vile. Kiwanja ni maisha ya batu. Haiwezi kupewa sauti yenye mutu hajue. Kesho askari anashika phonie yako, anasema mimi ni Bukavu, lete ndege. Atajua aje?" Akainuka. "Maman, unipe ile nguo."

Akavaa abacost.

Ofisini alifuta mashine vumbi, akafunga kifungo cha juu, akasimama. "Shabunda, Shabunda. Ni mimi. Kwako."

Kikohozi. "Papa. Ninakusikia tano kwa tano. Safi kabisa. Ulikuwa mugonjwa? Kwako."

"Nilikuwa nalima. Niko na sauti ya kukukabidhi. Kwako."

"Ile ya kalamu tatu? Kwako." Kumbe watu wa phonie walikuwa wamekwisha kutusema, sijui kwa poste gani.

"Hapana. Ya patron mwenyewe. Hakusoma sana, anajisifu, na anapigaka kelele. Lakini neno akilitoa analilipa. Kwako."

Akanisimamisha mbele ya mashine, akauweka mkono wangu kwenye kitufe. Ingénieur alikuwa mlangoni. Papa Standard akasema kwamba anayekabidhiwa anahesabu moja mpaka kumi mara tatu: kwa sauti yake ya kila siku, kwa sauti ya hasira, na kwa sauti ya woga. Wa mbali anazishika zote, ili siku moja akisikia ile ya tatu ajue kuna bunduki mgongoni mwako, aseme kiwanja kimejaa maji.

Ya kila siku nikaitoa. Ya hasira haikunisumbua. Ya woga, nikahesabu, na Shabunda akasema, "Hapana. Huyu anacheza. Kwako."

"Mimi siogopi kitu, papa," nikamwambia mzee.

"Ninajua. Funga macho. Uko Kadutu. Beseni imemwagika kwenye matope, na watoto wako nyumbani hawajakula."

Nikafunga macho nikabonyeza. Sikujua kwamba sauti ile iko ndani yangu. Ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine, na nilipofika saba ikakatika, nikamaliza kwa shida. Hakuna aliyecheka. Kikohozi kikaja kutoka mbali.

"Nimeipokea, patron. Sasa ninakujua. Kiwanja kimekauka tangu juzi. Kwako."

Ndege ikaruka mchana ule ule.

Ingénieur sikumfukuza. Kwa mambo ya ndani alikuwa bingwa, na ndani ndiko nilikomwacha. Tangu siku ile asubuhi ya Shabunda nilisimama mimi mwenyewe. Papa Standard nilimwambia arudi na mshahara mara mbili. Akakataa, alisema maharagi yamekwisha kuota, na mke wake amezoea kujibiwa. Nikamwambia ataje anachotaka, maana mimi sipendi kulala na kitu cha mtu.

"Kiti," akasema.

"Kiti gani?"

"Cha ndege. Kwenda Shabunda. Nataka nimuone."

Miaka ile yote alikuwa amerusha ndege mamia, na hajapanda hata moja. Alikuja mapema, abacost imepigwa pasi, na mfuko wa maharagi ya zawadi. Ndege ya mizigo haina tiketi, inabeba kilo; mtu anapanda bascule kama gunia. Akapanda, mfuko mkononi, akitazama mbele. Sindano ikasimama sitini na tano. Nikatoa chumvi ya kilo sitini na tano pembeni.

Kisha nikapanda juu, nikafuta mashine, nikaita. Kiwanja kikavu, akasema Shabunda. Mzigo gani leo?

"Chumvi, na mutu moja. Kwako."

"Mutu gani? Kwako."

Papa Standard, nyuma yangu, akatikisa kichwa.

"Kilo sitini na tano," nikasema. "Kwako."

Nilimpeleka uwanja wa ndege wa Kavumu mwenyewe. Njiani nikamuuliza atamwambia nini akimwona. Alifikiri mpaka tukapita daraja. "Sijue, patron. Kwa macho hatujasemaka hata siku moja." Uwanjani alipanda ngazi taratibu, akajibana kati ya magunia, na kabla ya mlango kufungwa nilimwona akipeleka mkono shingoni kufungua kifungo cha juu, halafu akakifunga tena.

Pilote akaja na karatasi yake. Mtu au chumvi, kwake ni kilo, na kila kilo ni senti sitini za dola. Kila mtu Bukavu anajua kwamba mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nilihesabu noti palepale majanini, nikampa kamili: dola thelathini na tisa.